Sura ya Asubuhi au Sinema ya Jumamosi?

Anayetafuta faraja au utulivu asome Biblia kila asubuhi, au aende sinema na rafiki Jumamosi? Tuanze na Biblia: ile ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma tatu au nne kila siku, mwaka ukiisha nawe umeimaliza. Hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye kitabu cha Mambo ya Walawi, chenye sheria nyingi, ambako wengi huanza kuchechemea kabla Februari haijaisha. Tena sura hazilingani: Zaburi ya 117 ina mistari miwili tu, ya 119 ina 176. Ndiyo maana napendelea kupanga kwa dakika. Ishirini kabla ya kuwahi daladala zinatosha, wala hulipi kitu.

Sinema inadai zaidi. Kwenda Mlimani City, jengo la maduka na sinema Dar es Salaam, na rafiki kuna nauli, tiketi, bisi (bei ya ndani haifanani kabisa na ya mtaani), na alasiri nzima imekwenda. Lakini unapata kitu ambacho kusoma peke yako hakukupi: mtu wa kubishana naye. Filamu yenyewe inaweza kuwa ya hovyo, maongezi ya njiani mkirudi yakawa matamu. Aliyelemewa na upweke ningemshauri aanze na sinema, hata kama mchungaji wake atanuna.

Anayetafuta utulivu wa kila siku asisubiri wikendi. Deni na msiba havichagui Jumamosi. Na kama rafiki naye ni msomaji, someni sura zilezile juma zima, mkutane mapema kabla filamu haijaanza, mzijadili.