Naitrasi kwenye Mark II yangu: kutoka jeti ya 50 hadi ya 75

Mark II yangu niliiendesha mwenyewe kutoka Mombasa hadi Kampala. Ni ile yenye injini ya 1JZ-GE ya lita 2.5, isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini), ambayo Toyota waliiandikia nguvu za farasi 200. Pwani ilikuwa na pumzi. Tulipopandisha miinuko ya Timboroa, Kenya, ikaanza kuhema, na nilipoifikisha nyumbani, mita kama 1,200 juu ya bahari, sikuliona tena lile gari nililolijaribu Mombasa. Presha ya hewa ya Kampala ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani, na injini isiyo na tabo hupungukiwa karibu kwa kiasi hicho hicho. Farasi 200 za kwenye karatasi huku ni 175 hivi.

Ndiyo sababu nilichagua naitrasi (nitrous oxide), gesi inayorushwa ndani ya injini kuiongezea nguvu. Gesi hii hupita kwenye tundu la jeti, kipande kidogo kinachopima kiasi cha gesi, kwa presha ya mtungi wake yenyewe, haingoji hewa ya nje. Jeti ya farasi 50, yaani inayoongeza nguvu za farasi 50, hutoa gesi ileile Mombasa, Kampala na hata milimani Kabale, mradi mtungi uwe na joto lilelile. Kwa sisi tunaoishi juu, hilo ni jambo kubwa.

Nilichonunua ni seti ya Kimarekani ya aina inayorusha gesi na petroli kwa pamoja kupitia nozeli moja kabla ya throto (mlango wa hewa ya injini). Ipo aina nyingine inayorusha gesi peke yake na kuiachia kompyuta ya gari kazi ya kuongeza petroli kwenye injekta. Kompyuta ya Mark II haikuundwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo niliiepuka. Ndani ya boksi mlikuwa na mtungi wa aluminiamu wa ratili 10, yaani kilo 4.5 za gesi, solenoidi mbili (valvu za umeme), mpira wa presha uliosukwa kwa waya, relei (swichi ya umeme), swichi ya throto, na jeti za shaba za farasi 50, 75 na 100. Pamoja na usafiri ilinigharimu karibu shilingi milioni 3 za Uganda. Mtungi ulifika mtupu, maana naitrasi husafirishwa kama shehena ya hatari, namba UN 1070.

Vifaa vyenyewe ni vizuri na sina lawama navyo. Solenoidi hazijawahi kuvuja, na jeti zimechongwa sawasawa. Lakini boksi hilo linakupa nguvu tu. Vitu vinavyoilinda injini, yaani geji ya waidibendi ya kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli, swichi ya presha ya petroli, swichi ya mizunguko ya injini na plagi baridi (zinazopoteza joto haraka), havimo. Nilivinunua kimoja kimoja, na jumla yake ilikaribia milioni 2. Mwenye bajeti ya seti peke yake, namwomba asubiri.

Naitrasi yenyewe haiwaki. Ikiingia kwenye silinda na kupata joto la nyuzi kama 300 za Selsiasi, inavunjika na kuachia oksijeni. Kwa uzito, asilimia 36 yake ni oksijeni, wakati hewa ya kawaida ina 23 tu. Oksijeni ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Petroli isipofika kwa wakati, moto unakuwa mkali kuliko pistoni inavyoweza kuvumilia, na inatosha sekunde chache kutoboa pistoni au kuchoma gasketi. Tangu nilipolielewa hilo, kila shilingi niliyoitoa nimeiuliza kwanza: unasaidia petroli ifike?

Gereji ya kwanza niliyoipelekea gari ilifunga mtungi kwenye buti kwa namna iliyopendeza macho: valvu nyuma, upande wa mlango wa buti, ili iwe rahisi kuifungua. Nilipokanyaga, gari likavuta kwa nusu sekunde, kisha likatoa moshi mweusi na kuzama. Wakaniambia ni kompyuta. Nikalipa, nikaondoka.

Aliyelitatua ni fundi mmoja wa Mombasa mwenye gereji ndogo Ndeeba, hapa Kampala. Alifungua buti, akaangalia, wala hakugusa spana.

"Bwana, mtungi huu umelala kinyume."

Ndani ya mtungi mna bomba linaloteremka hadi chini kunyonya gesi ikiwa kimiminika. Gari likivuta kwenda mbele, kimiminika kinakimbilia nyuma. Kwa hiyo valvu inatakiwa ielekee mbele ya gari, iinuliwe kidogo, na lebo itazame juu, ili mdomo wa bomba ukae kule kimiminika kinakokusanyika. Kwangu ilikuwa kinyume: kila nikikanyaga, bomba lilinyonya mvuke badala ya kimiminika, gesi ikawa kidogo, petroli ikabaki kuwa nyingi. Afadhali kosa lilielekea upande wa petroli nyingi. Lingeelekea upande wa pili nisingekuwa na injini.

Fundi alifungua pia viungo vyote vya mpira na kutoa tepu nyeupe ya mabomba iliyozungushwa humo. Vipande vya tepu hiyo hukatika na kwenda kuziba solenoidi, na solenoidi ikizibwa ikiwa wazi, gesi haifungi hata ukiachia akseli. Kwenye nyuzi za bomba alipaka dawa ya kuzibia ya majimaji, kwa uchache. Mafuta na grisi alikataza kabisa kugusa upande wa gesi, kwa sababu kitu kinachotoa oksijeni hakikutanishwi na grisi. Mwisho akaunganisha bomba kutoka kwenye kisahani cha usalama cha mtungi hadi nje ya gari. Presha ikipanda kupita kiasi kisahani hicho hupasuka na mtungi wote hujimwaga, na ndani ya gari lililofungwa vioo gesi hiyo itafukuza hewa unayovuta. Kazi hiyo ya bomba ilichukua nusu saa. Gereji ya kwanza haikuitaja.

Kwa jeti ya 50 nilikaa miezi minne. Petroli niliyotumia ni ile ya oktani kubwa tu, plagi nilishuka daraja moja kwa ubaridi (kwa NGK, namba kubwa ndiyo baridi zaidi, kwa hiyo nilitoka 6 kwenda 7) na pengo la plagi nikalipunguza kidogo. Waidibendi ilisoma 11.7 hadi 11.9 kila mara nikikanyaga (ni sehemu za hewa kwa sehemu moja ya petroli; namba ikipanda, petroli imepungua). Kwenye siku ya kilabu chetu cha magari, barabara ikiwa imefungwa, kifaa cha GPS kilionyesha kutoka kilomita 60 hadi 120 kwa saa katika sekunde 6.4. Bila gesi ilikuwa 8.2. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo hata mke wangu aliiona kabla sijafungua mdomo.

Kisha nikataka 75.

Kubadili jeti ni kazi ya dakika tano: unafungua nati mbili, unatoa jeti ya gesi na jeti ya petroli, unaweka nyingine. Wepesi huo ndio unaodanganya watu. Siku hiyo fundi aliniuliza swali moja tu.

"Pampu ya petroli umeibadilisha lini?"

Sikuwa nimeibadilisha. Gari lilitoka Japani na pampu yake, na chujio lake sikujua lina umri gani. Akasema tupime kwanza, mimi nikasema 50 imekwenda vizuri, 75 haitakuwa mbali. Alininyamazia. Jaribio la kwanza, gia ya pili, waidibendi ikaanza 11.8, mizunguko ya injini kwa dakika ilipopita 5,000 ikawa 12.4, halafu 13.1, halafu 13.6. Niliachia akseli. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Tulichomoa plagi palepale. Kwenye kauri nyeupe ya plagi ya silinda ya sita kulikuwa na vidoa vidogo vinavyong'aa, kama chumvi iliyonyunyizwa. Fundi alinipa miwani yake ya kukuzia nitazame. Hiyo ilikuwa aluminiamu, yaani pistoni yangu, imeanza kurukia kwenye plagi kwa sababu ya injini kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Tulipima mgandamizo wa silinda zote sita, na kwa rehema ya Mungu zilikuwa sawa.

Presha ya petroli ilikuwa imeporomoka psi 9 (psi ni kipimo cha presha) juu ya mizunguko 5,000. Chujio lilipokatwa lilikuwa jeusi. Nani asiyejua petroli ya vituo vya pembeni na vumbi letu? Nikaweka pampu mpya yenye uwezo mkubwa zaidi, chujio jipya, na swichi ya presha ya petroli inayokata umeme wa solenoidi mara tu presha ikishuka. Nikiambiwa nichague kifaa kimoja tu nje ya boksi, nitachagua swichi hiyo. Jicho la dereva huwa barabarani, si kwenye geji, na mimi siku ile nilikuwa nikiitazama geji kwa bahati tu.

Cha pili ni taimingi. Kanuni inayotumika ni kurudisha moto wa plagi nyuma nyuzi 2 kwa kila farasi 50 unazoongeza, kwa sababu mchanganyiko wenye oksijeni nyingi huwaka haraka. Kwenye injini za zamani mafundi waligeuza distributa (kigawa umeme wa plagi) kwa mkono. 1JZ-GE ya VVT-i (yenye mfumo wa kubadili muda wa valvu) haina distributa, hivyo tuliongeza kompyuta ndogo inayokaa kati ya ile ya kiwandani na koili za plagi, ikarudisha nyuzi 3 pale tu naitrasi inapofunguka. Wengine huitegemea sensa ya kugonga ya Toyota ifanye kazi hiyo. Sensa hiyo hungoja injini igonge kwanza, na injini yangu ilishagonga vya kutosha.

Swichi ya mizunguko tuliiweka ifungue gesi kuanzia 3,500 na kuifunga 6,000. Farasi 75 zinazoongezwa kwenye mizunguko 5,000 ni msukumo wa kuzungusha wa kama Nm 107. Farasi hizo hizo kwenye mizunguko 2,500 ni Nm 214, zikiangukia fimbo za pistoni na giaboksi kwa pigo moja. Tena huko chini hewa inakwenda polepole, petroli ya nozeli inaweza kutuama kwenye manifoldi na kulipuka humo. Upande wa juu nao una hatari yake: ukigonga kikomo cha mizunguko, kompyuta inakata petroli ya injekta huku gesi bado inaingia.

Baada ya yote hayo, jeti ya 75 ilirudi. Waidibendi 11.6, imetulia hadi 6,000. Plagi zilitoka safi, kauri haina kidoa. Sekunde 5.6 kutoka 60 hadi 120.

Jambo lililonishangaza ni joto la mtungi. Wenzetu wa nchi za baridi wanauziwa blanketi la umeme la kupasha mtungi ili ufike psi 900 hadi 950, presha ambayo jeti zimepimiwa. Kampala saa nane mchana, nyuzi 29 au 30, mtungi wangu unafika 900 wenyewe. Alfajiri ya nyuzi 17 unasoma chini ya 700, gesi inapungua na petroli inazidi, gari linakuwa zito. Hatari yetu ni buti lililoegeshwa juani. Naitrasi ikipita nyuzi 36.4 haibaki kimiminika tena, presha inapanda juu ya 1,050, jeti inapitisha gesi nyingi kuliko petroli yake. Mimi hufunika mtungi kwa taulo lililoloweshwa maji na kuangalia geji kabla ya kila mbio. Ikizidi 1,000 sikanyagi. Na niliwahi kumwona kijana akipasha mtungi kwa moto wa tochi ya gesi. Tafadhali, asithubutu mtu yeyote. Moto hudhoofisha aluminiamu, na mtungi uliodhoofika hauonekani kwa macho.

Kujaza ndiko kunakochosha. Muuzaji wangu hupima mtungi kwenye mizani kabla na baada, na kwanza husoma tarehe iliyogongwa begani mwa mtungi. Majaribio ya presha yanatakiwa kila miaka 5. Anayejaza bila kuangalia tarehe, mkimbie. Kwa jeti ya 75 natumia gramu 300 hivi kila sekunde 10, kwa hiyo mtungi mmoja unanitosha msimu.

Barabarani valvu ya mtungi huwa imefungwa. Kwenye barabara ya kulipia ya Entebbe (Expressway) kikomo ni kilomita 100 kwa saa, na gari hili hufika hapo bila msaada. Gesi naifungua siku za kilabu peke yake, barabara ikiwa imefungwa na gari la wagonjwa limesimama pembeni.

Seti nimeipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeinyima kwa sababu swichi ya presha ya petroli ingepaswa kuwamo ndani ya boksi. Jeti ya 100 iko kwenye droo ya meza yangu, bado na karatasi yake. Pistoni ni zile za kiwandani, za kumwaga (zilizomiminwa kwenye kalibu), mgandamizo ni 10.5 kwa 1, na zile chembe za aluminiamu nimezihifadhi pamoja na plagi yake ya silinda ya sita, droo hiyo hiyo.