Grioti au riwaya: nani anatutunzia kumbukumbu vizuri?

Nianze na mdomo. Habari za Sundiata, mwanzilishi wa dola ya Mali karne ya 13, zimebebwa na magrioti, yaani wasimulizi na waimbaji wa jadi wa Afrika Magharibi, baba anamrithisha mtoto, na raha yake ni kwamba grioti anawaona watu usoni, anarefusha pale panapowagusa, kora, ala yake ya nyuzi, inalia, ukoo wako ukitajwa unajiona umo. Shida moja, magrioti wengi walitunzwa na wakubwa, kwahiyo sifa za wafalme kibao ila mnyonge humsikii sana.

Riwaya ndo inaziba hapo. Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, mwaka 1958 kwenye Things Fall Apart alimleta Okonkwo, mkulima wa viazi vikuu, na hasira zake na woga wake wa kufanana na baba'ake, yaani jamii ya Waigbo imesimuliwa toka ndani na sio na ofisa wa kikoloni. Ila kaandika Kiingereza, wazee wa kijiji chenyewe wangesomewa tu!

Mi kwa taifa zima nachukua riwaya, maana akija mtawala mpya maneno hayabadiliki. Kwa ukoo, grioti hana mpinzani. Na Niane, mwanahistoria wa Guinea, 1960 alichapa kitabu cha habari za Sundiata alizozipata kwa grioti, sasa hapo utaiweka kundi gani?