Uzoefu wangu na kitabu cha dansi ya tango: hatua ya 1 iliniharibia usiku

Naandika nikiwa bado na uchungu, mnivumilie. Kitabu chenyewe sikitaji, maana viko vingi vya aina hiyo: michoro ya nyayo, nyeusi za mwanamume, nyeupe za mwanamke, kila unyayo na namba yake, kuanzia 1 mpaka 8. Hizo 8 ndizo wanazoziita hatua za msingi za tango ya Argentina, na mimi nilizihifadhi kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi sura.

Kabla sijasafiri kikazi kwenda Buenos Aires nilikaa na kitabu hicho nyumbani miezi kadhaa. Nilisogeza makochi, nikachora nyayo kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, nikamwomba mke wangu asimame mbele yangu. Hatua ya 1, mguu wangu wa kulia unarudi nyuma. Ya 2, wa kushoto unatoka pembeni. Ya 3 na ya 4 unakwenda mbele. Ya 5 unakusanya miguu, na mwenzako anapishanisha yake, wa kushoto mbele ya wa kulia. Kila tukifika hapo mke wangu ananiuliza, "Baba Neema, mbona nipishanishe miguu? Nani kaniambia?" Namjibu, kitabu ndivyo kinavyosema. Swali lile lilikuwa zito kuliko kitabu kizima, ila sikulijua.

Nyuma yangu siku zote kulikuwa na kabati la vyombo. Kabati halitembei.

Sasa njoo Buenos Aires, mtaa wa Almagro, kwenye milonga, yaani usiku wa watu wa kawaida kucheza tango. Meza zimezunguka sakafu. Huombi kucheza kwa mdomo; unamtazama mtu kutoka mbali, naye akikutazama mnaitikiana kwa kichwa. Wenyewe wanaita cabeceo. Hili kitabu kililieleza vizuri, sikatai. Mama mmoja wa makamo, mvi kazifunga kisogoni, akanitazama. Nikainamisha kichwa kidogo, akaitikia. Moyo ulikuwa unanidunda. Muziki ulikuwa wa Carlos Di Sarli, kiongozi wa bendi ya tango, ule wa taratibu, piano inatembea chini ya fidla. Nikamkumbatia, nikasubiri mdundo, nikarudisha mguu wa kulia nyuma kama nilivyofundishwa.

Nikamkanyaga mtu.

Pale ukumbini wachezaji wote wanazunguka upande mmoja, kinyume na mishale ya saa, jozi nyuma ya jozi, kama magari kwenye kipilefti. Anayeongoza anakwenda mbele, mwenzake anakwenda kinyumenyume. Kwa hiyo aliyekuwa nyuma yangu ni mwanamke anayekuja kwa mgongo, macho kafumba, kamwamini mwanamume wake. Kisigino changu kilimpiga kwenye kifundo cha mguu. Nilimsikia akivuta pumzi. Mimi nilikuwa nimepiga rivasi kwenye kipilefti kilichojaa, kwa sababu kitabu kiliniambia ndiyo hatua ya kwanza.

Mwanamume wake alisimama, na jozi zote nyuma yake zikasimama. Akanifokea mbele ya ukumbi mzima, "Nyuma kuna watu, bwana! Nyuma hapana!" Nikaomba radhi. Akanionyesha meza kwa kidole, akasema nikajifunze kwanza kutembea. Nikaomba radhi tena, akanipa mgongo. Alikuwa na haki ya kukasirika, lakini kumwonyesha mgeni kidole vile mbele ya watu? Kwetu hata aliyemwaga chai ya harusini hatendewi hivyo.

Wimbo ulipokwisha yule mama akaniambia "gracias". Nikamjibu kwa adabu, nikasubiri wimbo wa pili, kwani najua muziki unapigwa kwa mafungu ya nyimbo 3 au 4 na unabaki na mwenzako mpaka fungu liishe. Kumbe kule ukiambiwa asante katikati ya fungu maana yake ni "basi, imetosha". Alikuwa ameshaondoka. Nilibaki nimesimama peke yangu katikati ya sakafu, mikono bado imekaa mkao wa kukumbatia.

Kitabu kina kurasa zaidi ya 200, na onyo la yule bwana halimo! Hamna ukurasa unaosema nyuma yako kuna binadamu. Usiku ule hotelini nilikisoma upya kwa hasira, nikaona na mengine. Historia ya tango kurasa 2 tu, na mtu mweusi hayumo. Rosendo Mendizábal, mpiga piano mweusi wa Buenos Aires aliyekuwa akitunga tango tangu miaka ya 1890, hayumo. Hata neno milonga, ambalo wataalamu wengi wanalihusisha na Kimbundu cha Angola, likiwa na maana ya maneno, hawakuligusa. Sisi tunaosema kulonga tungelishika neno hilo siku ya kwanza. Na pengine ningeelewa mapema kwamba kucheza kule ni kuongea na mtu, na mke wangu alikuwa anauliza mbona simwambii kitu.

Nilikuwa nimeshaamua kukipa nyota 1. Ila niseme ukweli. Bila kitabu hicho nisingeingia ukumbini kabisa, nisingejua cabeceo, na ile sura ya muziki inayotofautisha bendi za Di Sarli, D'Arienzo na Pugliese bado naisoma. Siku chache baadaye nilikipeleka kwenye práctica, mahali pa mazoezi, nikamwonyesha mzee mmoja anayesaidia wageni. Alitazama michoro kwa muda, hakucheka. Akaomba kalamu, akaikata namba 1 kwa mstari mmoja. Kisha akaweka kiganja changu kifuani pake, akaanza kutembea, na nilipokuwa narudi nyuma mbele yake miguu yangu ikapishana yenyewe kwenye ile ya 5. Hakusema neno. Kifua chake ndicho kiligeuka.

Nyota 2, basi. Au 3 kwa ajili ya ile sura ya muziki, sijui, nikikumbuka kile kidole narudi kwenye 1. Nyumbani nimefuta chaki. Mke wangu sasa hapewi namba, naye haulizi tena, anapishanisha miguu akicheka.

Kama mnacho kitabu cha namna hii, anzieni hatua ya 2.