Tahadhari Mbeya: dizaina wa "pakeji kamili"

Wenzangu wenye biashara ndogo, kuna kijana anapita Soweto, Mwanjelwa hadi Uyole akiuza anachokiita "pakeji kamili": logo, vifungashio, mabango ya ukutani na kitabu cha mafunzo ya wafanyakazi. Bei Sh450,000. Nilimpa kianzio cha Sh300,000, akaleta kila kitu baada ya siku mbili. Siku mbili! Hapo ndipo ningeshtuka.

Nafungasha mchele wa Kyela, mifuko ya kilo 5. Logo aliyonipa ni masuke matatu ya mpunga ndani ya duara la kijani. Nikaipeleka kwa mchapaji, akaikuza kwenye kompyuta, masuke yakageuka vijiboksi. "Mama, hii ni picha ya kurushiana WhatsApp." Nikamwomba dizaina faili la vekta, lile unaloweza kulikuza hadi bango la barabarani bila kuchuja. Akasema linalipiwa pembeni, laki moja.

Wiki ileile wifi yangu wa Iringa akanitumia picha ya mfuko wa unga. Masuke yaleyale, duara lilelile, jina tu tofauti. Kumbe ni templeti ya Canva, ile programu ya mtandaoni yenye michoro iliyokwisha kuandaliwa ambayo kila mtu anaweza kuitumia. Kutumia Canva si dhambi, hata mimi natengenezea kadi za michango. Lakini Canva wenyewe wanasema logo ya templeti zao huwezi kuisajili kuwa alama ya biashara, maana si yako peke yako. Kwa hiyo hata BRELA, wanaosajili alama za biashara, nisingefika nayo.

Kilichoniudhi zaidi ni kitabu. Kurasa 38, na mimi nina vijana wanne: wawili wanapepeta, mmoja yuko mizani, mmoja anashona mifuko. Ukurasa wa 6 unasema moto ukitokea wasitumie lifti. Chumba changu kina mlango mmoja na dirisha! Bango la ukutani linawaambia wapige 911, wakati Zimamoto hapa kwetu ni 114. Ukurasa wa 21 kuna jina la hoteli alilosahau kulifuta. Kuhusu vumbi, fukusi au kupima mizani asubuhi, hakuna hata mstari.

Anayetaka kukuandikia mafunzo aje kwanza asimame kazini kwako, aone watu wako wanavyofanya. Huyu hakuwahi kuingia ndani, aliishia kaunta. Logo ipitishe Google Lens, inayotafuta picha zinazofanana mtandaoni, kabla ya kumalizia hela, na mafaili ya vekta yaandikwe kwenye makubaliano tangu siku ya kwanza. Angalia pia jina linalotokea unapolipa kwa simu. Lililonitokea mimi lilikuwa la mwanamke, akasema ni dada yake, nikakubali.

Sasa hapokei simu. Namba yake nimeshaituma 15040, kule kwa kuripoti matapeli wa simu. Akija kwako atakuwa nadhifu, kompyuta mpakato begani, na ataanza hivi: "Mama, mchele wako mzuri, ila hauna sura." Hiyo sentensi ndiyo iliyonimaliza.