WageIndicator kwa anayeomba nyongeza ya mshahara Tanzania: inakubeba wapi, inakuangusha wapi

Wengi huingia ofisini kwa bosi na hoja zilezile: maisha yamepanda, nimekaa miaka mingi, fulani analipwa zaidi yangu. Bosi huzizima zote kwa sentensi moja. Hoja inayomfanya avute kiti ni bei ya kazi yenyewe sokoni, na kwa Tanzania mahali pa kuitafuta bila kulipia ni kurasa za WageIndicator, mradi wenye asili ya Uholanzi ambao wengi waliuzoea kwa jina la Mywage. Tathmini hii inaangalia jambo moja tu: je, namba zake zinafaa kuwekwa mezani siku ya kuomba nyongeza? Jibu fupi ni ndiyo, ila si zote, na si kama zilivyo.

Anza na ulinganishi wa mishahara. Unachagua kazi kwenye orodha, ukurasa unakupa kiwango cha chini na cha juu kwa mwezi, kwa anayeanza na kwa mwenye uzoefu wa miaka mitano. Namba hizo ni kabla ya makato. Anayelinganisha kiwango hicho na kinachoingia benki kwake atajiona anapunjwa kuliko ilivyo, na HR atamrekebisha mbele ya meneja wake. Hapo kikao kimeshakwisha.

Kosa la pili liko kwenye jina la kazi. Cheo cha kwenye mkataba mara nyingi hakisemi mtu anafanya nini. Aliyeajiriwa kama ofisa utawala anaweza kuwa ndiye anayeandaa mishahara ya watu 60, anayepeleka michango NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kujaza ritani ya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) kila mwezi. Akichagua kazi za utawala ataletewa namba ndogo. Aangalie pia karani wa mishahara na mhasibu, kisha ashike ile inayokula zaidi ya nusu ya saa zake za wiki. Kinyume chake nacho ni hatari. Ukijipa umeneja usiousimamia, HR atafungua maelezo ya kazi yako na kukusomea mstari kwa mstari.

Udhaifu mkubwa wa chombo hiki ni chanzo cha takwimu: sehemu kubwa hutoka kwa watu waliojaza dodoso mtandaoni kwa hiari yao. Maana yake wenye intaneti na kazi za ofisini wanasikika zaidi kuliko fundi wa gereji au mhudumu wa hoteli, na kwa kazi zenye watu wachache pengo kati ya chini na juu huwa pana mno. Kwa hiyo usibebe ncha ya juu. Tumia katikati ya kiwango, uithibitishe kwa angalau chanzo kingine: matangazo ya kazi yanayotaja mshahara, au watu wawili watatu wa kazi hiyohiyo kwenye kampuni nyingine za ukubwa huohuo. Ngazi za mishahara za serikali usizichanganye humo. Zina mantiki yake.

Kurasa za kima cha chini ni za kuaminika zaidi kwa sababu zinafuata amri iliyotangazwa, lakini hakikisha unasoma iliyo hai. Kwa sekta binafsi, amri ya mwaka 2025 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026 na kuchukua nafasi ya ile ya 2022. Kima hutofautiana kwa sekta, hivyo mlinzi na mfanyakazi wa shambani hawasomi mstari mmoja. Ile 500,000 iliyotangazwa Mei Mosi 2025 kule Singida ni ya utumishi wa umma. Ukiidai kwenye duka la mtu binafsi utachekwa. Na kama unalipwa chini ya kima cha sekta yako, huombi nyongeza tena, unadai haki, na barua yake huandikwa tofauti.

Sehemu bora kuliko zote, na inayopitwa na wengi, ni hifadhi ya mikataba ya hali bora. Humo mna mikataba halisi ambayo vyama vya wafanyakazi vimesaini na waajiri wa Tanzania. Utaona asilimia za nyongeza ya mwaka, posho ya usafiri, malipo ya zamu ya usiku. Mkataba wa kampuni inayofanana na yenu una uzito kuliko wastani wowote wa dodoso, kwa sababu mwajiri mwingine ameshakubali kulipa hivyo na kampuni yake haijafungwa. Usumbufu wake ni kwamba baadhi ya mikataba imepitwa na muda. Soma tarehe ya kwisha kabla ya kunukuu.

Kitu ambacho kurasa hizi hazikufanyii vizuri ni hesabu ya mkononi, na hapo ndipo waombaji wengi huomba kiasi kidogo kuliko wanachohitaji. Chukua mshahara wa msingi wa 800,000, sekta binafsi, bila posho. NSSF ya mfanyakazi ni asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000 ya kutozwa kodi. PAYE kwenye ngazi ya 520,000 hadi 760,000 ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, kwa hiyo 60,000. Mkononi: 660,000. Sasa ongeza laki moja. NSSF 90,000, inabaki 810,000 ambayo imeshavuka kwenda ngazi inayofuata: 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, jumla 80,500. Mkononi: 729,500. Laki moja imekuwa 69,500. Kama una mkopo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka tena, na unabaki na 54,500.

Kwa anayezidi milioni moja baada ya kutoa NSSF, kila laki ya nyongeza huacha 63,000, au 48,000 kwa mwenye mkopo wa bodi. Akitaka laki kamili mkononi aombe takriban 159,000. Mwenye mkopo, takriban 208,000. Upande wa mwajiri, laki hiyo inamgharimu 110,000 kwa mchango wake wa NSSF pekee, kabla ya SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi). Waajiri wengine hupendelea kukupa posho badala ya kuongeza msingi. Posho nayo hukatwa kodi mara nyingi, ila HESLB haiigusi, kwa hiyo mwenye mkopo anaweza kuona afadhali. Afadhali hiyo ina bei: malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hupigwa kwenye mshahara wa msingi. Kwa wiki ya saa 45, msingi wa 585,000 hugawanywa kwa 195 kupata 3,000 kwa saa, na saa ya ziada ni 4,500. Ukipokea posho ya 100,000, namba hizo hazisogei hata shilingi.

Muda nao una kazi yake. Kampuni inayofunga mwaka Desemba hupanga bajeti kati ya Oktoba na Novemba. Inayofunga Juni, Aprili na Mei. Ukiomba mwezi mmoja baada ya bajeti kupita, hata meneja anayekupenda hana pesa ya kukupa. Barua isizidi ukurasa mmoja, ipitie kwa meneja wako na nakala kwa HR: majukumu yaliyoongezeka tangu mkataba usainiwe, matokeo mawili au matatu yenye namba (madeni yaliyokusanywa, saa za mashine kusimama zilizopungua), kiwango cha soko na chanzo chake, kisha kiasi kimoja unachoomba. Usiweke "kati ya hiki na kile", maana utapewa hiki.

Ikikubaliwa, dai maandishi yanayorekebisha masharti ya ajira, yenye tarehe ya kuanza na mgawanyo wa msingi na posho. Sheria ya ajira inamtaka mwajiri akuarifu kwa maandishi masharti yanapobadilika. Kisha kagua slipu. Idara za mishahara hufunga mabadiliko kabla ya mwisho wa mwezi, na barua iliyochelewa hulipwa mwezi unaofuata kama malimbikizo. Mwezi huo PAYE itaonekana imeruka kwa sababu nyongeza mbili zimeingia pamoja. Hesabu ya kweli isome kwenye slipu ya mwezi wa baada yake.