Kipima oksijeni cha kidoleni: kinafaa Mbeya, ila namba zake zisomwe kimilimani

Kifaa kile cha kubana kidoleni, chenye kioo kidogo na betri mbili za AAA, kimeingia nyumba nyingi tangu wakati wa Uviko-19. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu au wa moyo tunasema kinunuliwe. Ila anayekitumia Mbeya, Njombe au Makete akakisoma kama yuko Dar es Salaam, siku moja atajitia hofu bure, na siku nyingine atatulia wakati wa kukimbia.

Kifaa hakipimi pumzi. Kinapitisha kidoleni mwanga mwekundu wa nanomita 660 na wa infraredi wa nanomita 940. Hemoglobini (protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) ikiwa haijabeba oksijeni hunyonya zaidi ule mwekundu, iliyobeba hunyonya zaidi infraredi. Kwa kulinganisha mianga hiyo kila pigo la moyo, kioo hutoa asilimia ya hemoglobini iliyobeba oksijeni, iitwayo SpO2. Namba ya pili ni mapigo ya moyo kwa dakika.

Karatasi nyingi za maelezo huandika kwamba hali ya kawaida ni 95 hadi 100. Hicho ni kipimo cha watu wa pwani. Kwenye mapafu hakuna pampu inayosukuma oksijeni kuingia kwenye damu. Inavuka yenyewe kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa zaidi upande wa vifuko vya hewa. Ukuta wa kuvuka ni mwembamba mno, karibu nusu ya maikromita, na damu hukaa kwenye kapilari, yaani vile vimishipa vyembamba kabisa, takriban robo tatu ya sekunde tu. Hewa ya Mbeya ina oksijeni asilimia 21 sawasawa na ya Dar. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa yote: kutoka milimita 760 za zebaki usawa wa bahari hadi 620 hivi kwenye mita 1,700 za Mbeya. Ukitoa sehemu ya mvuke wa maji na ya kabonidayoksaidi, oksijeni ndani ya vifuko hubaki na milimita 70 na kitu badala ya 100.

Hemoglobini ni mvumilivu. Hata mgandamizo wa oksijeni ukishuka hadi milimita 60 bado imejaa kwa asilimia 90 hivi. Chini ya hapo inaporomoka, mithili ya gari linalotoka Iringa likifika mteremko wa Kitonga. Kwa hiyo 94 kwa mtu mzima wa afya aliyetulia Mbeya mjini si ugonjwa, na kwenye uwanda wa Kitulo, juu ya mita 2,600, hata 92 haishangazi. La maana ni kujua namba ya mtu akiwa mzima: aliyezoea 96 akishuka hadi 91 ana tatizo. Chini ya 90, au anayehema kwa shida hata kama kioo kinaonyesha namba nzuri, apelekwe hospitali.

Sasa kasoro kubwa, ambayo huku kwenye baridi ya Juni na Julai inaweza kuua. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani na dirisha likafungwa, linatoa kabonimonoksaidi, gesi inayoishika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kifaa hiki hakiwezi kuitofautisha: kinaihesabu kama oksijeni na kuandika 97 kwa mtu anayekosa hewa. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza kwenye chumba chenye jiko, kifaa kiwekwe kando. Wote watoke nje kwanza, kisha hospitali. Vilevile hakioni upungufu wa damu (hemoglobini chache zilizojaa bado zinasomeka 98) wala kabonidayoksaidi iliyorundikana.

Ili namba iaminike, mtu akae dakika tano, mikono ipate joto. Kidole cha baridi ndicho chanzo cha vipimo vingi vibovu asubuhi za Njombe, kwa kuwa mishipa imesinyaa na mapigo hayafiki vizuri. Rangi ya kucha ifutwe. Kwenye piko au hina nzito tafuta kidole kisichopakwa. Weka kidole cha kati hadi mwisho, kucha juu, mkono usawa wa moyo, usitikisike. Namba za mwanzo zipuuze, subiri zitulie kama dakika moja. Kisha hesabu mapigo kwa vidole kwenye kifundo cha mkono: yasipolingana na ya kioo, SpO2 nayo usiiamini. Hata kifaa kizuri hukosea kwa asilimia 2 juu au chini, na kwenye ngozi nyeusi kinaweza kuzidisha, hivyo 91 inayoonekana inaweza kuwa 88.

Kwa mtoto mchanga usinunue hiki cha watu wazima. Kidole chake ni chembamba, mwanga hupita pembeni na namba inayotoka haina maana. Anahitaji chenye kibanio cha kufunga mguuni.