TAHADHARI: Huyu wa "DVD ya Full HD" pale Kariakoo ni tapeli

Jamani, yule jamaa anayehamisha video za zamani kwenye DVD, yule wa ghorofani mwenye kaunta ya kioo, msimsogelee. Video ya harusi tuliyompelekea kaiua.

Anavyokupiga ni hivi. Anachomeka diski yako yenye faili za video, anakuonyesha "sampuli": bibi harusi katulia kitini, shela inang'aa, shanga unazihesabu moja moja. Anaicheza kwenye kidirisha kidogo cha kompyuta, sekunde chache tu, halafu anaisimamisha. "Full HD hiyo, mama." Nani asingeamini? Ana mashine ya kuchoma DVD kadhaa kwa mpigo, MPEG-2, ile namna ya kubana video za DVD, anaitaja bila kumung'unya maneno, na risiti anaandika. 80,000 ikatoka.

Sampuli yenyewe ndiyo mtego. Picha iliyotulia haili data nyingi, hata ukiibana vipi itapendeza. Ngoja ngoma ianze, watu wainuke kutunza: shanga zote zinageuka vigae.

Na hiyo Full HD inaingiaje kwenye DVD? Full HD ni nukta 1920 kwa 1080; DVD ya PAL, mfumo wa TV wa kwetu, mwisho wake 720 kwa 576, basi. Faili zetu za DV, video za kamera za kanda ndogo, zilikuwa na vipimo hivyohivyo tangu mwanzo, fremu 25 kwa sekunde, kama GB 13 kwa saa. Kazi ilikuwa kuzibana kwa MPEG-2 tu, vipimo visiguswe: saa moja kwa kila DVD ya GB 4.7, megabiti 8 kwa sekunde. Yeye kashindilia saa 6 kwenye DVD moja! Piga hesabu: zinabaki megabiti 1.7 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Juu ya hapo kaigeuza NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, 720 kwa 480. Mistari 96 imekwenda na maji, na mwendo unarukaruka. Mpangilio wa mistari nao kaupindua: kila fremu huchorwa kwa mafungu mawili ya mistari inayopishana, DV huanza na fungu la chini, yeye kaweka la juu, kila anayecheza anatetemeka kama kapigwa shoti.

Halafu diski ya faili asilia karudisha tupu. Eti "nimesafisha virusi." Mwizi mkubwa! Kama nawe kakufanyia hivyo, usihifadhi chochote kwenye diski hiyo. Mpe anayeijua PhotoRec, programu ya kurejesha faili zilizofutwa, huenda faili bado zimo.

Dalili zake: saa zote DVD moja, Full HD, sampuli isiyo na ngoma, na hataki kujaribu kwenye TV kubwa. Ukipewa DVD ifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza Ctrl na J uone vipimo vya picha. Ukiona 480 na ulileta 576, hela ya kumalizia usitoe.

Sasa simu hapokei, kaunta kaifunga. Huyu si wa kurudisha hela tu, ni wa kulala ndani. Wenye risiti zake msizitupe, tunakwenda nazo kituoni pamoja, na mwenye jengo ajiandae kusema kamhamishia wapi.